Mlango wa Makopo ya Mafuta

Siku hizi mtu wa Lodwar akitaka mchoro wa Claude Monet ukutani, anaagiza nakala iliyochapwa kwenye bamba la alumini. Sina ugomvi naye. Alumini haiogopi mchwa, na vumbi la huku linafutika kwa kitambaa kibichi. Wino wake hubanwa kwa joto la nyuzi 200 hivi, ukageuka mvuke na kuzama katika utando uliopakwa juu ya bamba. Ila asiutundike mkabala na dirisha. Jua la Turkana halimheshimu mchoraji yeyote.

Lakini urembo wa bati lililochapwa rangi ulitutangulia zamani. Shika barabara ya Kakuma, kilomita 120 hivi, utaukuta milangoni. Kambi ya wakimbizi ya huko ilianza 1992, na mafuta ya msaada yakawa yanakuja katika makopo yenye herufi kubwa, USA. Kopo likiisha, fundi bati hulikata kifuniko na kitako, akalipasua kwenye mshono, akalilaza na kuligonga taratibu kutoka katikati kwenda pembeni.  Kisha hukunja pindo la bati hili ndani ya pindo la bati lile na kuyagonga mpaka yashikane. Msumari huja mwisho, kwenye fremu ya mbao.

Ukiusogelea mlango huo unaona vipande tu: bluu, nyekundu, herufi zilizosimama kichwa chini, kutu ukingoni. Rudi nyuma hatua kadhaa, vinaungana na kumetameta juani. Kina Monet, walioonyesha kazi zao Paris mwaka 1874 wakachekwa, walitafuta mng'ao wa namna hiyo. Nao walilitegemea bati: mirija ya bati ya kutilia rangi, aliyoibuni Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841, ndiyo iliyowarahisishia kwenda kuchora nje.

Sisemi dhiki ni pambo. Hakuna aliyekimbia vita ili apate mlango wa makopo. Ninachokisifu ni mkono. Mashine itatoa nakala elfu za Monet zisizotofautiana hata nukta. Mlango wa fundi hauna pacha, hata yeye mwenyewe akitaka kuurudia.

Basi nunua Monet wako ukipenda. Fremu kampe fundi bati wa Kakuma, na bei atakayotaja, mlipe.