Nyenzo na Dele

Kazi ya kusahihisha haimwachi mwalimu hata akistaafu. Nimeongoza chuo cha ualimu, nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikiwa na karatasi ya tathmini mkononi, nikiwapima vijana waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mpaka leo, nikiwa nimepita miaka sabini, siwezi kukitazama kitu bila kukipa maksi. Kwa hiyo msomaji asishangae kwamba katika sura hii nitasahihisha chombo cha kutengenezea kahawa. Chombo ni kidogo, lakini kimenifunza jambo ambalo nisingependa mwingine alijifunze kwa njia niliyojifunzia mimi.

Nililetewa na binti yangu, afanyaye kazi Muscat, alipokuja likizo Nachingwea. Ni mashine ya mkono ya kukamulia kahawa ya Kiitalia, ile iitwayo espreso. Haina waya wala injini. Ina silinda ya chuma, pistoni ndani yake, chujio chini, na mkono mrefu wa kushindilia. Alipoiweka mezani nilicheka, maana mbele yangu niliiona nyenzo ya daraja la pili, ile niliyoifundisha miaka mingi kwa mfano wa toroli: egemeo mwisho mmoja, mzigo katikati, jitihada mwisho wa pili.

“Baba, hii itakufaa hata umeme ukikatika,” akaniambia. Alisema kweli, na hilo nimelitia katika hesabu ya sifa zake.

Kabla ya kukihukumu chombo ni haki kujua kilikotoka. Mwaka 1901, mjini Milano, Luigi Bezzera alipata hataza ya mashine iliyosukuma maji kwa nguvu ya mvuke, ili mteja apate kikombe chake bila kungoja. Kasoro yake ilikuwa kwamba mvuke huunguza kahawa, na nguvu yake ni ndogo. Achille Gaggia, naye wa Milano, alilishughulikia tatizo hilo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, na baada ya vita, mnamo 1948, mashine zake za mkono na springi zikaingia sokoni. Hapo ndipo kikombe kilipopata lile povu la rangi ya hudhurungi juu yake. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, kampuni ya Faema ilitoa mashine yenye pampu ya umeme, na mkono ukaanza kupitwa na wakati mahotelini. Lakini mwaka huo huo kampuni ya La Pavoni ilitoa mashine ndogo ya mkono ya kutumia nyumbani. Tangu hapo chombo hiki kina maisha mawili: cha baa, ambako watu husimama bega kwa bega, na cha jikoni, ambako mtu husimama peke yake. Ninaomba msomaji aishike tofauti hiyo, nitairudia.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Anayetaka kununua atakuta aina mbili kubwa. Ya kwanza ni yenye springi: unashusha mkono, springi inajikunja, kisha yenyewe inasukuma maji. Aina hii humsaidia mtu asiye na nguvu sawasawa kila siku, ila ina hatari yake. Ukiuachia mkono wakati hakuna kahawa ya kuizuia springi, unaruka juu kama mtego na unaweza kukuvunja kidevu. Ya pili haina springi, na nguvu yote ni ya mkono wako. Yangu ni ya aina hii. Zipo pia zenye birika la umeme ndani, na zipo ambazo maji unachemsha pembeni na kuyamimina. Kwa mtu wa miji yetu nashauri hizi za kumiminia maji. Jiko la mkaa linatosha, na hakuna kitu cha kuungua ndani.

Lakini mnunuzi ajue uzito anaouchukua. Espreso hutakiwa kusukumwa kwa mgandamizo wa karibu baa 9, yaani takriban kilo 9 kwa kila sentimita mraba. Pistoni yangu ina kipenyo cha sentimita 4, kwa hiyo eneo lake ni sentimita mraba 12.6 hivi, na mzigo wote ni karibu kilo 115. Mkono wa mashine hunipa faida ya mara tano. Kwa hiyo kiganja changu hushindilia kilo 23, sawa na debe la mahindi na zaidi, kwa nusu dakika. Kijana hatasikia kitu. Mimi, mwenye bega lililowahi kuteguka, nilisikia. Mzee anayenunua chombo hiki ajaribu kwanza kukishindilia kabla hajatoa fedha.

Jambo la tatu, na hili wauzaji hawalisemi kwa sauti, ni kwamba mashine bila kinu kizuri ni mapambo. Wiki ya kwanza nilitwanga kahawa kwa kinu na mchi, kama tulivyozoea. Ilitoka chenga kubwa pamoja na vumbi. Maji yana akili ya mwanafunzi mvivu: hutafuta njia nyepesi. Yalipita kwenye chenga, yakaliacha vumbi, na kikombe kikatoka chachu na chungu kwa pamoja kwa sekunde 8. Nikamwandikia binti yangu, akatuma kinu cha kuzungusha kwa mkono, chenye meno ya chuma yanayosaga punje kwa ulinganifu. Tangu hapo gramu 16 za kahawa zimenipa gramu 32 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30, na hicho ndicho kipimo cha kawaida. Ikitoka upesi mno, saga laini zaidi. Ikigoma, saga nene kidogo. Badilisha jambo moja tu kila mara. Mwalimu wa sayansi hahitaji kuambiwa kwa nini.

Na silinda ipashwe moto kwanza kwa maji yanayochemka, kisha yamwagwe. Maji ya kukamulia yanatakiwa kuwa kati ya nyuzi 90 na 96. Chuma baridi huyashusha chini ya hapo, na kahawa hutoka na ukali wa ndimu bichi.

Buni nazo ni sehemu ya hukumu. Hapa Kusini jirani yetu ni Mbinga, ambako Wamatengo hulima arabika milimani. Hutufikia kwa njia ya Songea, Tunduru na Masasi. Nimejaribu pia robusta ya Kagera, ambayo ina kafeini karibu mara mbili na hutoa povu zito, ila ladha yake ni ya gome la mti. Nilipochanganya sehemu tatu za Mbinga na moja ya Kagera nilipata kikombe ambacho sikuwahi kukinywa maishani. Kilikuwa na utamu bila sukari. Nilikaa kitini nikiona haya kidogo: sisi tunaolima kahawa nzuri hivi huipeleka ng'ambo sehemu kubwa, nasi nyumbani tunakoroga ya unga. Kwa kunionyesha hilo tu, mashine ilistahili maksi za juu.

Lakini Waswahili walisema kizuri hakikosi ila. Na sisi wa Nachingwea tuna sababu ya kuzitazama mara mbili mashine zitokazo mbali. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulipangwa baada ya ukaguzi wa haraka wa mwaka 1946. Matrekta yakashushwa, reli ikajengwa, na mwaka 1951 mradi ukafungwa kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashine zile hazikuwa mbovu. Walioshindwa ni waliozileta bila kuuliza ardhi na watu walishaishije kabla yao. Kosa hilo tumelicheka sana vijiweni. Nami nikalirudia jikoni kwangu.

Kabla ya mashine, kila siku baada ya alasiri nilikwenda kijiweni karibu na stendi. Muuza kahawa, kijana ambaye hunisalimu “Shikamoo Mkuu” ingawa hakusoma kwangu, ana dele lake juu ya mkaa na vikombe vidogo anavyovigonganisha kuita watu. Kahawa yake, kwa kipimo cha espreso, haina utetezi. Imechemka saa nzima, tangawizi imeifunika, na vikombe husuuzwa kwenye ndoo moja. Kashata peke yake ndiyo ningeipasisha. Basi nilipojifunza kukamua kahawa yangu, nilianza kukosa siku moja, kisha tatu, kisha nikaacha kabisa. Saa kumi na moja ilinikuta nyumbani nikipima gramu. Nilijiambia kwamba nimepanda daraja.

Nina rafiki Ruangwa. Tulianza kazi pamoja, tukafundisha madarasa ya jirani, na yeye ndiye aliyeniambia kweli kila mara nilipokuwa mkali kupita kiasi kwa wanachuo. Hatukuwa watu wa kupigiana simu. Salamu zetu zilipita kijiweni: dereva au kondakta wa basi la Ruangwa alikunywa kikombe, akasema, “Mwalimu anakusalimu, anauliza ile hesabu ya bao bado unaikumbuka?” Nami nikarudisha jibu kwa njia hiyo hiyo. Wakati huo nilikuwa nimebadilisha laini ya simu, na namba mpya nilikuwa nimewapa wanangu tu.

Nilikaa miezi minne bila kwenda. Siku kinu kilipovunjika mpini, nilikwenda stendi kutafuta fundi, nikapita kijiweni. Kijana aliacha kumimina. “Mkuu, tulidhani umesafiri. Ujumbe wako umekaa hapa wiki ya sita. Mwalimu wa Ruangwa alianguka. Walituma mara tatu.”

Hawakumtuma mtu nyumbani, kwa sababu kila mtu alijua nitapita kesho. Ndivyo kijiwe kinavyofanya kazi: kinategemea kwamba kila mtu atapita kesho. Lawama si ya kijana, wala ya madereva, wala ya mashine.

Nilikwenda Ruangwa asubuhi yake. Nilimkuta hai, lakini kiharusi kilikuwa kimechukua upande wa kulia na maneno. Alinitambua. Alinitazama muda mrefu, kama alivyokuwa akinitazama nilipochelewa kikao cha walimu. Shemeji yangu alisema kwamba wiki mbili za mwanzo alikuwa bado na maneno machache, na jina langu lilikuwa mojawapo. Sitaandika zaidi juu ya hapo.

Mara ya pili nilikwenda na mashine kwenye kikapu, pamoja na kahawa bora niliyokuwa nayo, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpelekea kinachofanana na msamaha. Nilikamua mbele yake kwa uangalifu wote. Alionja, akakunja uso, akakisukuma kikombe kwa mkono wa kushoto. Shemeji akamminia kahawa ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya chai, akainywa yote. Kisha mimi na shemeji tukanywa ile yangu, naye shemeji akasema ni nzuri, “lakini ndogo, shemeji, inaisha kabla mtu hajaanza kusimulia.”

Katika miaka yote ya tathmini sijasikia uhakiki uliokamilika kuliko ule. Mashine ya Gaggia ilizaliwa baani, kati ya watu. Kikombe kilikuwa kidogo kwa kuwa mazungumzo yalikuwapo tayari. Mtu alisimama, akanywa, akaambiwa habari, akaondoka. Aliyeihamishia jikoni alichukua kikombe akayaacha mazungumzo. Dele letu lina kasoro zote nilizozitaja, ila halijawahi kumtengenezea mtu mmoja. Hata ukitaka kunywa peke yako kijiweni, hawatakuacha.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa ladha, mashine ya mkono naipa tisa kwa kumi, na dele nne. Kwa uimara na kutotegemea umeme, mashine tisa, dele kumi. Kwa kumfundisha mtu subira na kumwonyesha thamani ya buni za nchi yake, mashine kumi. Kwa kumjulisha mtu kwamba rafiki yake ameanguka, mashine sifuri. Na mwalimu yeyote ajuaye kazi yake anajua kwamba yapo masomo ambayo ukipata sifuri, wastani haukuokoi.

Sishauri msomaji asiinunue. Anunue, akiwa na bega zima na kinu kizuri. Mimi yangu ninaitumia bado, alfajiri, kikombe kimoja kabla jua halijachomoza. Ruangwa ninakwenda kila Jumamosi ya pili, na namba yangu ya simu kijana wa kahawa ameiandika kwa mkaa ukutani, juu ya jiko lake. Saa kumi na moja jioni anayenitafuta asije nyumbani.