Pate Iliyofichika Ndani ya Al-Inkishafi

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imezoeleka kusomwa kama waadhi: dunia haidumu, basi moyo na uzinduke. Usomaji huo ni wa haki, lakini umewafanya wengi wasitambue kwamba utenzi huu, uliotungwa mapema katika karne ya 19, unamtembeza pia msomaji katika mji wa Pate, hadi pembe za nyumba ambazo mgeni hakuwa akifikishwa.

Mshairi haishii kwenye milango. Anaingia katika kumbi zilizong'arishwa kwa taa, anapita vyumba vya ndani, anayatazama madaka ya ukutani yaliyopambwa kwa sahani za kauri. Kisha anauonyesha moyo wake warithi wa fahari hiyo: popo, mende na makinda ya ndege. Magofu ya Pate yeyote aweza kuyazuru. Bila ya utenzi huu, ataona matundu tu.

Hata hivyo, neno madaka lataka msomaji alijuaye. Lamu, jirani yake Pate, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyumba kadhaa za kale zimetengenezwa zikapokea wageni. Kuta zimepata wa kuzihifadhi. Majina ya vilivyomo yanawategemea wanaoyatamka, na wahakiki wetu wakiendelea kuufasiri utenzi kwa mauti peke yake, vijana wataurithi waadhi na kuipoteza nyumba.