Mtu wa Kumi

Watu kumi wamevuka mto. Walipofika ng'ambo wakahesabiana, isije ikawa mwenzao mmoja amechukuliwa na maji. Wa kwanza akahesabu: tisa. Wa pili akahesabu: tisa. Kila mmoja anawahesabu wenziwe na kujisahau mwenyewe. Wakaangua kilio.

Jioni moja hapa Lizaboni niliwasimulia watoto wa jirani hadithi hii, tumekaa barazani. Mto nikaufanya Ruvuma, maana ndio wetu, unaanzia milima ya Matogoro hapa hapa Songea. Kwenye kilio sikufika. Binti mdogo kuliko wote alishadakia: "Mbona hajajihesabu!" Wenzake wakacheka. Waarabu nao wana Juha na punda wake, yule aliyempanda hamhesabu, na kicheko ni kile kile. Kwa msimuliaji wa kawaida mambo yameisha hapo.

Kwa Vidyaranya ndiyo kwanza yanaanza. Huyu alikuwa mwanazuoni wa Kihindu wa karne ya 14, wa monasteri ya Sringeri kusini mwa India. Alifundisha Advaita, yaani "pasipo uwili": kwamba nafsi ya mtu, kule ndani kabisa, na Brahman, uhalisi mmoja unaobeba vyote, si vitu viwili. Mtu wa kumi, mfano wa nafsi hiyo, hakumbuni yeye. Shankara, wa karne ya 8, alikwisha kumtumia. Lakini katika sura ya saba ya Panchadashi, kitabu kinachohesabiwa kuwa chake, Vidyaranya aliifungua hadithi hii kama fundi saa anavyofungua saa, vipande akavipanga mezani, vikawa saba.

Cha kwanza ni kutojua. Cha pili ni kusema "wa kumi hayupo". Utadhani ni kitu kimoja, lakini kutojua hukaa kimya, na hiki cha pili kimeshatoa hukumu. Cha tatu ni kilio na kujipigapiga kichwa. Ndipo anatokea mtu wa kuaminika.

Hapa ndipo penye ufundi. Mtu huyu haanzi na jibu. Kwanza anawaambia: "Wa kumi yupo, hajafa." Wanamwamini, kama tunavyoamini habari za peponi, kwa kuambiwa. Hicho ni cha nne. Kisha anahesabu mbele yao mpaka tisa, anamgeukia aliyekuwa akihesabu: "Wa kumi ni wewe." Hicho ni cha tano. Mwandishi mwenye haraka angeviunga viwili hivi kuwa kimoja. Vidyaranya ameacha nafasi katikati, na nadhani wengi wetu tunaosoma vitabu vya dini tumejenga nyumba humo: tumeshaambiwa yupo, tumeridhika. Tazama pia kwamba mgeni hakuleta mtu yeyote. Wa kumi alikuwa amesimama pale pale muda wote, tena akijililia mwenyewe.

Cha sita, huzuni inakatika. Cha saba, furaha. Hapa mwandishi hakawii, nami sikawii.

Mbele sana katika sura hiyo hiyo, msomaji akiwa ameshasahau mto na watu wake, Vidyaranya anakirudia kile kichwa kilichopigwa. Kilio, anasema, kilikoma papo hapo; jeraha lilichukua mwezi kupona, polepole. Ndivyo anavyoeleza kwa nini aliyekwisha kujitambua bado huugua na kusikia njaa kama sisi: matendo ya zamani yaliyokwisha kuanza kuzaa hayana budi kumaliza matunda yake. Kitu kilichopita kama pambo la kilio kumbe kiliwekwa akiba. Sijaona fundi aliyetunza kipande kidogo namna hii kwa muda mrefu namna hii.

Niliwarudia watoto na jeraha hilo. Hawakucheka. Yule binti aliuliza nani alimfunga kitambaa.

Nawe ukiisimulia kwako, waache wacheke, lakini jeraha usiliache njiani.