Pua, Ulimi na Kikombe Kilichopoa: Mwongozo wa Kuonja Chai za Matunda na Mitishamba

Kwa maana yake ya asili, chai ni kinywaji cha mmea mmoja tu, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Camellia sinensis na ambao majani yake huchumwa Kericho, Mufindi na kwenye milima ya Usambara. Lakini katika matumizi ya kila siku neno hilo limepanuka likabeba kila kinywaji kinachopatikana kwa kutia majani, maua, mizizi, magome au matunda makavu katika maji ya moto. Mwonjaji hana haja ya kugombana na mazoea hayo. Kinachompasa ni kutenganisha mafungu mawili ambayo maduka huyapanga kwenye rafu moja, yaani chai yenye ladha ya tunda, ambayo ni majani ya chai halisi yaliyotiwa harufu ya embe, pasheni au limau, na chai ya mitishamba, ambayo haina hata jani moja la chai na kwa kawaida haina kafeini. Kila fungu lina uzuri wake na makosa yake, na anayelipima moja kwa kipimo cha jingine hukosea kabla hajanyanyua kikombe.

Ugumu mkubwa katika fungu la matunda unatokana na jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitilii maanani, kwamba tunda likikaushwa hupoteza sehemu kubwa ya harufu yake, kwa kuwa viini vinavyobeba harufu ni vyepesi na hupeperuka pamoja na maji yanayoondoka. Kipande cha stroberi kavu kikitiwa katika maji ya moto hutoa rangi hafifu na uchachu kidogo, basi. Ile harufu inayojaza chumba pakiti inapofunguliwa imetoka kwenye vionjo, yaani viini vya harufu vilivyotengenezwa mbali na kisha kunyunyiziwa kwenye mchanganyiko. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 kuhusu vionjo imeweka mpaka hapa: mtengenezaji hawezi kuandika kuwa kionjo chake ni cha asili cha stroberi isipokuwa angalau asilimia 95 ya kiini chake imetokana na stroberi yenyewe, na ikiwa pakiti imesema kionjo cha asili bila kutaja tunda, msomaji aelewe kuwa kiini hicho huenda kimetoka kwenye kitu kingine kabisa.

Kutia harufu si kosa kwa asili yake. Chai ya asumini ya Fujian, huko China, hupatikana kwa kulaza majani ya chai pamoja na maua mabichi usiku kucha, tena kwa usiku kadhaa, mpaka majani yanywe harufu ya maua, na hakuna mjuzi anayeiona kuwa ya udanganyifu. Chai ya Earl Grey nayo ingekuwa chai ya kawaida tu bila mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya machungwa ambalo halina umaarufu wa kuliwa. Kosa huanza pale pua inapoahidiwa kitu ambacho ulimi haukioni. Kipimo cha kwanza, ambacho hakihitaji chombo chochote, ni kubana pua kwa vidole, kunywa funda moja, kulizungusha mdomoni kwa utulivu, kisha kuachia pua: kilichoonekana wakati pua imebanwa ni kazi ya ulimi, yaani utamu, uchachu, uchungu na ukakasi, na kilichoingia kwa kishindo pua ilipoachiwa ni harufu iliyopanda kwa njia ya nyuma ya kinywa. Chai nzuri ya matunda huwa na jambo la kusema katika hatua zote mbili. Iliyo mbaya, pua ikiwa imebanwa, ni maji ya moto yenye uchachu.

Kuhusu vipimo, Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwaka 1980 kiwango chake namba 3103, kinachoeleza namna ya kuandaa chai kwa ajili ya kuonjwa: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka muda huohuo, katika chombo cheupe cha kauri chenye kifuniko, kwa dakika 6. Mnywaji wa nyumbani ataona kuwa chai hiyo imekolea kupita kiasi, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu lengo si kuburudika bali ni kuyaleta makosa juu. Kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya chai, ila hakuna ubaya kukitumia kwa mitishamba, mradi vikombe vyote vinavyolinganishwa vipate uzito uleule, maji yaleyale na dakika zilezile. Na uzito huo upimwe kwa mizani, si kwa kijiko, maana kijiko cha maua ya kamomili na kijiko cha tangawizi iliyosagwa havina uhusiano wowote kwa uzito. Kunywa kwenyewe kuwe kwa kuvuta kwa sauti, kama wafanyavyo waonjaji wa mnada wa Mombasa, ambao hufyonza kijiko cha chai kwa kishindo, wakaitawanya kinywani na kuitema. Adabu ya mezani huikataza sauti hiyo, lakini ndiyo inayoinua mvuke mpaka nyuma ya pua.

Maji hustahili tahadhari kubwa kuliko ile yanayopewa. Maji ya visima vingi vya pwani, ambavyo vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa, na chokaa hufanya chai halisi iwe na utando juu na ladha iliyolala. Kwenye kinywaji chenye uchachu hufanya jambo jingine, kwani hupunguza makali ya asidi na kuigeuza rangi nyekundu iwe ya zambarau iliyofifia. Anayelinganisha pakiti mbili, moja kwa maji ya kisima na nyingine kwa maji ya bomba, hajalinganisha chochote.

Somo kubwa la fungu la mitishamba liko katika choya, ambayo wengine huiita rozela na ambayo Misri na Sudani hujulikana kwa jina la karkade. Kinachokaushwa si ua, ingawa hivyo ndivyo inavyosemwa sokoni, bali ni yale majani mazito ya chini ya ua ambayo, petali zikishadondoka, huendelea kunenepa na kulizunguka tunda changa. Umuhimu wake unapita mipaka ya glasi ya juisi ya choya ya Dodoma, kwa kuwa pakiti nyingi za Ulaya zenye picha ya rasiberi, cheri au matunda ya msituni huwa ndani yake zina choya kwanza, kisha vipande vya tufaha na maganda ya tunda la waridi pori, na hilo tunda la kwenye picha likija mwishoni kwa kiasi kidogo. Choya ndiyo inayotoa rangi na uchachu, tufaha hutoa utamu mdogo na uzito, na kionjo hutoa jina. Kwa hiyo anayeijua choya vizuri ameshajua nusu ya rafu nzima.

Choya bora huanza kutambulika mkononi. Iwe nzima au katika vipande vikubwa, rangi yake ikiwa nyekundu iliyoiva inayoelekea weusi wa damu ya mzee, si kahawia. Iwe kavu lakini ikikunjwa ikubali kidogo kabla ya kuvunjika, mithili ya ngozi nyembamba. Kahawia ni dalili ya kukaa muda mrefu au kuachwa juani kupita kiasi, na unyevu unaoshikamana vidoleni ni mlango wa ukungu. Vipande vigumu vya rangi ya mbao ni mabaki ya tunda la ndani lililopaswa kuondolewa. Havidhuru, ila muuzaji anayeviacha anauza uzito. Baada ya hapo kiasi kidogo kitiwe katika glasi inayoonyesha, kimwagiwe maji ya moto, na glasi iachwe bila kutikiswa kwa dakika kumi, kisha iinuliwe kwenye mwanga na kutazamwa kwa chini. Chembe zinazong'aa zilizotulia kitakoni ni mchanga, nao hueleza bila maneno kwamba zao lilianikwa chini na si kwenye chanja.

Rangi yenyewe huweza kuhojiwa. Wekundu wa choya unatokana na viini viitwavyo anthosianini, ambavyo hubadilika kufuatana na asidi: katika uchachu huwa vyekundu, na asidi ikiondolewa huelekea zambarau, buluu, hata kijani cheusi. Basi kijiko cha choya iliyokwisha kuchujwa kikitiwa chembe ya magadi ya jikoni, rangi hugeuka papo hapo mbele ya macho, na matone ya ndimu yakifuata mara moja huirudisha karibu na wekundu wake. Rangi nyingi za viwandani hazina tabia hiyo, kwa hiyo kinywaji chekundu kinachobaki chekundu baada ya magadi kinatoa sababu nzuri ya kusoma tena maandishi ya pakiti. Jaribio hili, pamoja na wepesi wake, linafaa kufanywa mara moja tu kwa kila muuzaji. Mwenye kulifanya kila siku anaharibu choya.

Ulimini, uchachu si kitu kimoja, na hapa ndipo mwonjaji anapotofautiana na mnywaji. Asidi iliyo nyingi katika ndimu na limau hugonga mapema, mbele ya ulimi, kisha huondoka. Ile ya ukwaju ina makali yanayoshika pembeni mwa ulimi. Na ile ya tufaha bichi huanza polepole lakini hukaa. Choya inazo zote tatu kwa viwango mbalimbali, pamoja na nyingine iliyo maalumu kwake, na ndiyo sababu uchachu wake ukiwa mzuri huonekana kuwa na mwanzo, kati na mwisho. Asiyeamini aandae vikombe vitatu vya maji vuguvugu, kimoja chenye matone ya ndimu, cha pili chenye ukwaju uliochujwa, cha tatu chenye tufaha bichi lililokunwa na kukamuliwa, avionje kwa zamu na kisha arudi kwenye choya. Choya iliyochemshwa mno kwenye sufuria, badala ya kulowekwa katika maji yaliyotoka motoni, hupoteza mpangilio huo na huanza kuwa na utelezi, kwa sababu mmea huu ni wa ukoo mmoja na bamia na una ute wake.

Ukakasi haupaswi kuchanganywa na uchachu wala uchungu. Ni hali ya kinywa kukauka na kukwaruza, kama vile baada ya kula bibo, tunda la mkorosho, na hutokea pale viini vya mmea vinapokamatana na protini za mate na kuyaondolea utelezi wake. Katika chai halisi ukakasi wa kiasi ni sifa. Ndio unaoifanya chai ya rangi, au ya mkandaa kama wasemavyo watu wa pwani, isimame bila maziwa. Katika chai yenye ladha ya tunda, ukakasi ndio ushahidi kwamba chini ya harufu ya embe kuna majani ya kweli. Ikiwa harufu ni kubwa na ukakasi haupo kabisa, msingi umechoka, na kionjo kimeitwa kuja kuufunika.

Mitishamba ya majani na viungo haihitaji maneno mengi, isipokuwa mchaichai, ambao hudharauliwa kwa kuwa unaota nyuma ya nyumba. Harufu yake ya limau inatokana na mafuta yaliyomo ndani ya jani, na jani bichi lililokatwa kwa kisu kikali muda huo halina mpinzani. Likikaushwa vizuri kivulini hubaki kijani kilichopauka, na likisuguliwa kati ya viganja hutoa harufu kabla kiganja hakijapata joto. Likihitaji kusuguliwa mara tatu, limekuwa nyasi za kuezekea. Tangawizi mbichi na kavu si kinywaji kimoja, kwani katika kukauka viini vyake vya ukali hugeuka kuwa vingine vilivyo vikali zaidi huku harufu ya ubichi ikipotea. Anayeona tangawizi kavu imewasha zaidi hajadanganyika. Mdalasini halisi, kama ule wa Zanzibar, hutambulika kwa tabaka nyingi nyembamba zilizoviringana mithili ya karatasi, tofauti na gome moja nene na gumu la jamaa yake. Iliki inunuliwe ikiwa na ganda, na mjadala uishie hapo.

Makosa mengi yanayolaumiwa shambani yamezaliwa dukani. Majani makavu hunywa harufu ya jirani yake, tabia ileile inayoipa sifa chai ya asumini, na pakiti ya karatasi iliyolala wiki tatu karibu na mche wa sabuni au dumu la mafuta ya taa haina namna ya kujitetea. Harufu ya gunia, ya moshi wa jiko na ya ukungu hujitokeza zaidi kwenye majani yaliyolowa kuliko kwenye kinywaji, kwa hiyo kifuniko cha buli kifunuliwe na masalia yanuswe yangali moto.

Baada ya haya yote kikombe kiachwe kipoe kabisa, saa nzima ikiwezekana. Joto ni mtetezi wa vionjo, kwa kuwa mvuke ndio unaovibeba. Ukitoweka, chai iliyosimama juu ya harufu pekee hubaki na uchungu mwembamba na kaharufu ka peremende, ilhali choya njema ikipoa huwa wazi zaidi na mchaichai huwa mtamu bila kuongezwa kitu. Hapo ndipo sukari, ambayo mpaka sasa imewekwa mbali na meza, inaporuhusiwa kama kipimo cha mwisho, ikitiwa nusu kijiko kwa nusu kijiko huku ikikorogwa na kuonjwa. Kwenye choya ya daraja la juu nusu kijiko cha kwanza huonekana kuamsha ladha ya tunda iliyokuwa imejificha nyuma ya uchachu, na cha pili huanza kuifunika. Kwenye ile ya daraja la chini vijiko viwili huyeyuka, uchachu ukabaki ulipokuwa, na utamu ukakaa pembeni yake kama mgeni ambaye hakutambulishwa.