Barakoa Kwanza! Begi la Ampaya Lafunguliwa Ngong

Jameni, ni nzito! Hilo ndilo neno lililonitoka nilipoinyanyua barakoa hii, na nitangulie kusema kwamba uzito wenyewe ndio ulionifanya niipende papo hapo. Fito za chuma zilizopinda mbele ya uso, rangi nyeusi isiyong'aa ili jua la saa saba lisikurudie machoni, na ndani mito miwili ya ngozi, mmoja wa paji la uso, mwingine wa kidevu. Mashavu hayaguswi na kitu. Chini yake kinaning'inia kibao cha plastiki cha kulinda koo. Jina la kampuni limefutika kwa jasho la mwenyewe wa kwanza, bwana mmoja wa Texas aliyestaafu uamuzi wa besiboli akamuuzia binamu yangu begi zima. Sasa begi liko Ngong. Nimevaa kila kilichokuwamo. Nimepigwa. Nimefurahi kupita kiasi!

Kwa ambaye besiboli kwake ni raundaz ya Wamarekani: ampaya wa pleti, yaani mwamuzi wa pale anaposimama mpigaji, huchuchumaa nyuma ya mdakaji, akimtazama mrushaji aliye mita 18.44 kutoka kwenye pleti. Mpira una gramu 142 hadi 149, ni mgumu, na umeshonwa kwa uzi mwekundu unaoweza kukuachia alama kwenye ngozi. Kijana wa sekondari mwenye bega zuri akiutupa kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, unafika katika muda wa nusu sekunde hivi. Ukija moja kwa moja hauna shida, mdakaji yuko kwa ajili hiyo. Balaa ni ule uliokwaruzwa na gongo. Unabadili njia hatua moja mbele ya pua yako, na hakuna aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kuukwepa.

Hapo ndipo watu wengi hukosea wanapochagua vifaa. Wanauliza kipi kitazuia maumivu. Swali langu ni jingine: kipi kitanifanya nisifumbe macho? Ampaya aliyefumba macho hajaona, na asiyeona anabahatisha, hata awe na kitabu cha sheria kichwani kurasa zote. Kwa kipimo hicho nimelipima begi hili, kifaa kwa kifaa, na barakoa imepita kwa kishindo.

Kishindo kweli! Siku ya kwanza uwanjani, kijana wa Kitengela (wale hupanda matatu asubuhi wakapitia Isinya na Kiserian hadi kwetu) alirusha mpira wa juu, gongo likaugusa kidogo tu, nikasikia *kang'!* masikioni. Barakoa ikazunguka robo ya duara na kofia ikakaa upande. Kidevu? Salama. Pua? Mahali pake. Nikaweka barakoa sawa, nikatangaza faulo kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliokuwa wakipita ng'ambo ya kiwanja waliinua vichwa.

Kule kuzunguka si kasoro. Barakoa nzuri hukazwa kiasi cha kubaki usoni ukitikisa kichwa, isikazwe zaidi ya hapo. Ikipigwa inasogea, na nguvu ya mpira inaishia katika kusogea huko badala ya kuishia shingoni mwako. Mikanda ya hii ilikuwa imelegea kwa uzee, nikampelekea fundi wa viatu karibu na stendi ya Ngong. Akaigeuza, akachungulia, akauliza, "Boss, hii ni ya kurina asali?" Nilipomweleza alicheka mpaka akaangusha sindano, kisha akashona elastiki mpya kwa uzi wa kiatu, kazi safi kabisa. Nilimwomba kitu kimoja: niweze kuivua kwa mkono wa kushoto pekee, kwa mvuto mmoja, bila kuangusha kofia. Mpira ukipaa juu, barakoa lazima itoke usoni upesi uone unaelekea wapi, na mkono wa kulia ubaki huru kwa ishara. Ndiyo maana kofia ya ampaya wa pleti ina ukingo mfupi. Ukivaa kofia ya kawaida ya mitumba, barakoa itaondoka nayo kila mara, nawe utabaki umesimama kipara wazi mbele ya wazazi.

Kibao cha koo nacho kina historia ya kutisha. Mwaka 1976 mdakaji wa Los Angeles Dodgers, Steve Yeager, alikuwa akingoja zamu yake ya kupiga, gongo la mwenzake likavunjika, na kipande cha mbao kikamchoma kooni. Akapona. Bill Buhler, aliyekuwa akiwahudumia wachezaji wa timu hiyo, akabuni kibao cha kuning'iniza chini ya barakoa. Ukikuta barakoa ya mtumba isiyo na kibao, na fito zenyewe hazikushuka hadi kooni, usiivae mpaka ukitafute.

Kuna wanaopendelea ile ya kofia kamili, inayofunika masikio na utosi kama ya magolikipa wa hoki ya barafu. Inalinda eneo kubwa zaidi, sibishani. Na kuna kampuni iitwayo Force3 iliyotengeneza barakoa zenye springi kati ya fito na mito, ili pigo lipungue kabla halijafika kichwani. Natamani kuijaribu! Lakini kwa michezo ya vijana nabaki na barakoa ya wazi, kwa sababu nataka masikio yangu. Mkimbiaji akifika beisi ya kwanza, ampaya hutazama mguu ukigusa beisi na husikiliza mpira ukitua kwenye glavu. Kilichotangulia ndicho hukumu. Jifunze hilo ukiwa na masikio wazi.

Kinga ya kifua ilinishangaza kwa jinsi ilivyo nyembamba. Nilitarajia godoro. Na kumbe zamani lilikuwa godoro hasa: waamuzi wa American League walibeba mto mkubwa uliojazwa hewa mbele ya shati, wakati wenzao wa National League walivaa kinga ndogo ndani ya shati. Kuanzia 1977 waamuzi wapya wa American League walitakiwa kuvaa ya ndani, na mzee wa mwisho aliyeng'ang'ania mto, Jerry Neudecker, alistaafu 1985. Joe West, aliyesimamia michezo mingi kuliko mwamuzi yeyote wa ligi kuu ya Marekani, alibuni kinga yake mwenyewe ambayo Wilson huiuza kwa jina la West Vest. Yangu ni ya ukoo huo: mabamba magumu ya plastiki kwa nje, povu zito kwa ndani, mabega yanayoning'inia kwa kamba.

Itazame juu kabla ya kutazama chini. Bamba la juu lazima lifunike mitulinga yote miwili, ile mifupa myembamba inayovunjika kwa pigo la kijinga. Kisha bonyeza povu kwa kidole gumba. Likizama hadi ukagusa plastiki upande wa pili, hilo ni povu la godoro na halitakusaidia. Likikataa, halafu likarudi polepole, umepata. Na usisahau shati: nunua saizi moja zaidi ya unayovaa kanisani. Mimi nilivaa la kawaida nikaonekana mbilikimo aliyemeza meza.

Kinga za miguu zina plastiki kwenye goti, ugoko na juu ya kiatu. Zinafanya kazi. Kinga ya kinena, ndugu zangu wanaume, si ya kujadiliwa. Vaa, nyamaza, endelea.

Viatu ndivyo vilivyokosekana ndani ya begi, na hapo Ngong ikanisaidia. Buti za mjengo zenye chuma kwenye vidole zipo tele madukani, na ukizipaka rangi nyeusi zikang'aa hakuna atakayejua. Ila chuma kile kinalinda vidole tu, na mpira unaodunda chini hupenda kutua juu ya wayo, pale unapofungia kamba. Viatu halisi vya pleti vina ulimi mgumu unaofunika hapo. Baadhi ya buti za viwandani zinao pia, kwa hiyo uliza, usiridhike na kugonga ncha ya kiatu kwa ngumi.

Sasa, si kila mtu ana binamu Texas. Kenya ina hazina moja ambayo watu wa besiboli hawaitumii vya kutosha: kriketi! Nchi iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003 haiwezi kukosa helmeti za zamani kwenye makabati ya Nairobi. Mpira wa kriketi una gramu 156 hadi 163, mzito kuliko wa besiboli, kwa hiyo helmeti iliyotengenezwa kuuzuia, yenye kimia cha chuma kisicholegea, ni mwanzo wa maana kwa michezo ya watoto. Itakusumbua kuvua haraka, na ukingo wake utakuziba mpira wa juu, lakini meno yatabaki yako. Helmeti ya boda boda hapana. Kioo chake hakikutengenezwa kwa kazi hii. Na yule fundi wa kuchomelea anayekuahidi barakoa ya nondo kabla ya jioni, mshukuru, mnunulie chai, uondoke. Mpira una kipenyo cha sentimita 7 na ushee. Nafasi kati ya fito lazima iwe ndogo zaidi, na kiungo kimoja kikiachia kitakuja na chuma usoni.

Uwanja wetu nao una hukumu yake. Mji wa Ngong uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Denver, ambako Wamarekani hulalamika kila mwaka kwamba hewa nyembamba inafanya mipira ipae kupita kiasi. Kwetu inapaa zaidi! Mpira wa kupinda nao haupindi sana, kwa hiyo mrushaji akikwambia mkono wake umelogwa, mwambie ni hewa. Halafu upepo wa vilimani, ule ule unaozungusha mitambo ya umeme kule juu, hukujaza vumbi machoni katikati ya fito. Brashi ya pleti nimeitumia kuliko nilivyodhani. Adabu yake ni kuwapa wachezaji wa uwanjani mgongo unapoinama kufagia, ili makalio yako yasiwaelekee watazamaji. Hata katika vumbi la Kajiado, hilo linazingatiwa!

Lakini begi bila uzoefu ni mavazi ya tamasha. Njia niliyoipenda kuliko zote haina hata mchezo ndani yake. Mrushaji anapopasha mkono moto pembeni na mdakaji wake, omba kusimama nyuma yao ukiwa umevaa kila kitu. Usitangaze chochote. Simama kwenye upenyo kati ya mdakaji na mahali ambapo mpigaji angekuwa, miguu mipana, macho usawa wa juu ya eneo la straiki (nafasi ya juu ya pleti ambamo mtupo huhesabiwa kuwa mzuri), mikono umeikunja karibu na mwili. Kichwa kisitikisike. Fuata mpira kwa macho tu, kutoka vidoleni mwa mrushaji hadi ndani ya glavu. Mwanzoni utapepesa. Kila mtu hupepesa. Mpira mmoja utakugonga bambani, utasikia *ko!*, utagundua hujaumia, na unaofuata utauona mzima hadi mwisho, pamoja na mishono yake. Sijui raha nyingine ya Jumamosi inayofanana na hiyo!

Kitu cha pili ni kuchelewa. Mpira umetua, subiri pumzi moja, kisha sema. Anayewahi kutangaza huwa ameamua kabla mpira haujafika. Pleti ina upana wa sentimita 43, na mdakaji mjanja atausogeza mpira ndani baada ya kuudaka ili akuibie straiki. Wewe ulishaona ulikopita.

Na usianzie pleti. Anza na beisi, kwa watoto, ambako mbio ni mita 18 na ushee badala ya 27, na makosa yako yatasamehewa kwa soda. Au anza na Baseball5, ile ya watano kwa watano isiyotaka gongo wala glavu wala barakoa: mpira wa raba, kiganja chako, na beisi zilizoachana mita 13. Imo katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, na kiwanja chochote cha shule Kitengela kinaitosha. Hukumu za nani katangulia huja mfululizo, hazikupi nafasi ya kuwaza, na zinakujengea sauti.

Majirani wametutangulia, tukubali. Vijana wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport mwaka 2012 kwenye mashindano ya dunia ya Little League, timu ya kwanza kutoka Afrika. Dennis Kasumba, Mganda aliyejifunza udakaji kwa kubeba matairi, alicheza Marekani katika MLB Draft League 2023. Kila mtupo waliowahi kutupa nyumbani kwao ulihitaji mtu wa kuuhukumu, na mtu huyo alihitaji kitu usoni.

Kwa hiyo, ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu, nunua barakoa yenye kinga ya koo. Ya pili, kinga ya kifua. Kinga za miguu unaweza kuziazima kwa mdakaji wa timu inayopiga, kwa sababu wakati huo hazitumii. Mwombe vizuri tu, na umrudishie kabla zamu haijageuka. Mimi bado natafuta viatu vya pleti namba tisa. Na kidude changu cha kuhesabia boli na straiki kimekwama kwenye mbili, kwa hiyo Jumamosi ijayo nitahesabu kwa vidole, tena kwa sauti kubwa.