Ayala Ana Macho, Mtu Hana Jina

Kuna namna mbili za kusimulia mawindo yaliyofana. Ya kwanza ni hesabu: siku ngapi, wanyama wangapi, pembe urefu gani, na picha iko wapi. Ya pili ni ile ya The Deer Hunter, filamu ya Michael Cimino ya 1978, ambamo mwindaji wa kweli hutumia risasi moja tu. Ukihitaji ya pili, basi hukumstahili mnyama huyo. Filamu hii ilizoa Oscar 5 mwaka wa 1979, ikiwemo ya filamu bora, na wengi huikumbuka kwa ule mchezo wa kujiwekea bastola kichwani. Lakini ukitaka kuielewa, anza mlimani. Uzuri wake uko huko, na kasoro yake pia.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe. Kusini mwa Sahara hana ndugu hata mmoja wa asili, ndiyo maana Kiswahili kinahangaika naye. Wengine humwita kulungu, ambaye ni mnyama mwingine kabisa: pembe za kulungu hazidondoki, za huyu hudondoka kila mwaka na kuota upya. Watafsiri wa Biblia ya Union Version walimwita ayala katika Zaburi ya 42. Mimi nitabaki na ayala.

Jambo la pili ni mazoea. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, kwa hivyo kwa msee wa Nairobi, mtu mwenye bunduki porini ni askari wa wanyamapori au ni jangili. Pennsylvania, ambako hadithi hii imewekwa, mambo ni mengine. Kwa miaka mingi msimu wa kuwinda ayala kwa bunduki ulifunguliwa Jumatatu baada ya Thanksgiving, na shule nyingi zilifungwa siku hiyo. Ni mwaka wa 2019 tu ndipo ufunguzi ulisogezwa hadi Jumamosi. Mtu anakata leseni, anapanda mlima na mabeste wa kazini, na nyama inaishia kwenye friza. Si starehe ya matajiri pekee.

Cimino analielewa hilo vizuri sana. Michael (Robert De Niro), Nick (Christopher Walken) na wenzao ni wafanyakazi wa kiwanda cha chuma katika mji wa Clairton. Wanatoka harusini, wanaingia kwenye gari, wanaenda kuwinda. Stan amesahau viatu vyake, na Michael anakataa katakata kumwazima vya akiba. Ni ugomvi wa kijinga, lakini unakuambia kila kitu: kwa Michael, mlima si mahali pa kubahatisha. Anaua ayala kwa risasi moja, kamera inakaa na mnyama akikata roho, halafu jamaa wanarudi baa na mmoja wao anapiga Chopin kwenye piano huku wengine wamenyamaza. Ghafla tuko Vietnam. Ukiniuliza, hiyo ni mojawapo ya mikato mikali zaidi ya sinema ya Marekani.

Baada ya vita, Michael anapanda tena. Anamfuata ayala hadi wanatazamana uso kwa uso. Anainua mtutu na kufyatua hewani. Hapo ndipo filamu inabadilisha maana ya mawindo yenye mafanikio: safari iliyofana ni ile ambayo mnyama ameondoka kwa miguu yake. Usiku huohuo, kwenye kibanda, Stan anachezea kibastola chake, na Michael anamwekea kichwani akiwa na hasira ya mtu aliyeona kifo kikifanywa mchezo.

Mpaka hapo, noma. Lakini sasa rudi katikati ya filamu, kwenye kile kibanda cha mtoni ambamo wafungwa wanalazimishwa kujipiga risasi kwa kubahatisha. Waandishi walioripoti vita hivyo walilalamika tangu mwanzo kwamba hakuna ushahidi wa mchezo huo kutumiwa na Vietcong. Hata tukisema ni tamathali tu, swali linabaki: mbona ayala anapewa macho, ukimya na muda wa kufa kwa heshima, na Mvietnamu hapewi chochote? Anapiga kelele, anapiga makofi, anakufa. Hakuna hata mmoja mwenye hadithi yake mwenyewe. Filamu inayohubiri kwamba kila risasi ina uzito inazitupa hizo zao bure kabisa.

Sisi tunaujua mtazamo huo. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwaka wa 1909, na katika kitabu chake African Game Trails aliorodhesha wanyama 512 ambao yeye na mwanawe Kermit walipiga risasi. Wabeba bunduki wachache wanatajwa majina. Wapagazi, waliokuwa wengi zaidi, wamebaki kama mandhari. Kumbe unaweza kumpenda mnyama, ukamsoma, ukamlilia hata, na bado usimwone mtu aliyesimama kando yake.

Wapo watakaosema filamu inaona tu kile Michael anachokiona. Sawa. Lakini Michael anamwona ayala! Anajua kutazama. Kushindwa kwake kutazama Vietnam si upofu wa mhusika peke yake, ni uamuzi wa mwenye kamera.

Itazame, saa zote tatu. Ni kazi kubwa, na Walken atakuumiza. Ila ukifika pale ambapo risasi inapaa hewani na mnyama anasalimika, usikimbilie kulia. Hesabu kwanza ni akina nani ambao hakuna aliyewainulia mtutu juu.