Povu ni Karatasi Tupu

Ukipewa chapa ya zamani ya mnara wa taa katikati ya dhoruba, usianze na mnara. Anza na povu. Fundi wa chapa hana wino mweupe; weupe wote unaouona ni karatasi aliyoiacha. Hapo ndipo mimi humpimia.

Bamba la shaba hupakwa nta, likachorwa kwa sindano, kisha likatiwa kwenye tindikali ili mistari iliwe. Upeo wa bahari huliwa kidogo tu, ukafunikwa kwa vanishi. Tumbo la wimbi huachwa liliwe zaidi, likashika wino mwingi. Weusi ukiwa mmoja kila mahali, dhoruba haina mbali wala karibu.

Enzi ya Uromantiki ilizipenda sana bahari chafu. Mwaka 1824 John Horsburgh alichonga chapa ya mnara wa Bell Rock, Uskoti, kutokana na picha ya mchoraji Turner. Ule mwamba humezwa maji yakijaa, na mtu wa pwani yetu ya Malindi ana jicho la kuihukumu picha kama hiyo. Simama Watamu wakati wa kusi utazame nje. Mawimbi hayapasuki ovyo: yanakuja kwa safu, yanainuka yakihisi mwamba chini, yanapasukia pale pale, na huku ndani maji yanatulia. Fundi aliyekaa na bahari, mistari yake hupanda na mgongo wa wimbi na kujikunja kileleni. Asiyeijua huchora vilima, akavimwagia povu kila pembe.

Sasa karatasi. Kwa kidole kikavu, papasa pembezoni: bamba lililobanwa na mtambo huacha ukingo uliozama. Shika lenzi. Mstari wa tindikali una ncha butu. Wa patasi, fundi akichonga shaba moja kwa moja, huanza mwembamba, ukanenepa, ukachongoka tena. Ukiona vinukta vilivyopangana kama chandarua, hiyo ni nakala ya kiwandani, irudishe. Na kwa kuwa shaba ni laini, bamba lililochapwa mno hupoteza kwanza mistari myembamba ya mawingu. Mbingu iliyopauka ina maana umepata chapa ya mwishomwisho. Madoa ya kahawia usimlaumu fundi, ni unyevu. Malindi hapa usiitundike ukutani penye upepo wa bahari.

Mnara utazame mwisho. Upande wa mwanga usiwe na mstari hata mmoja.